Kutoa mimba: maelezo ya kitabibu yasifichwe

Mhariri,

Makala nyingi kuhusu mimba isiyotarajiwa huishia kwenye hukumu, na mwanamke anayetafuta maelezo ya kitabibu hubaki mikono mitupu. Jambo la kwanza kujua ni umri wa mimba, ambao huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si tangu siku ya kujamiiana.

Katika wiki 12 za mwanzo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa za mifepristoni na misoprostoli, au kufyonza kwa kifaa maalumu. Kukwangua kizazi kwa chuma, ambako baadhi ya wahudumu bado wanakushikilia (kwa mazoea tu, nadhani), shirika hilo linashauri kuachwe. Dawa hizo haziondoi mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huweza kupasua mrija wa uzazi na kuua, hivyo maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo yasipuuzwe. Vilevile, damu inayolowesha pedi mbili au zaidi kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa isiyoshuka au uchafu wenye harufu mbaya ukeni ni sababu ya kwenda hospitali mara moja, hata pale mgonjwa anapoogopa sheria au maneno ya watu.

Utoaji uliofanywa ipasavyo kwa kawaida hausababishi ugumba. Vijiti na kemikali zinazotumiwa kiholela kutoa mimba ndivyo vinavyoharibu kizazi. Naomba gazeti lako liwape madaktari na wakunga nafasi ya kuyaeleza haya kwa kina.

Msomaji wako