Mhariri wa filamu naye aulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo uhakiki wa filamu za hali halisi, hasa zinazohusu jamii na mazingira, umekuwa ukilipita kando. Wahakiki humsifu mpigapicha aliyejificha kichakani akimvizia mnyama, humsifu mwongozaji kwa kuthubutu kuingia palipokatazwa, kisha mhariri wa filamu, akitajwa, hutajwa miongoni mwa mafundi. Ilhali yeye ndiye anayepokea picha za makumi ya saa, pengine mamia, na kuzipunguza hadi saa moja na nusu, na kila anachokiacha nje ni uamuzi kuhusu nani asikike na nani asisikike.

Nguvu hiyo si ngeni. Yapata karne moja iliyopita, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov wa Urusi aliuonyesha uso wa mwigizaji usio na hisia yoyote, akauunganisha kwa zamu na bakuli la supu, jeneza na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa katika uso uleule. Katika filamu ya kuigiza huo ni ufundi halali. Katika filamu ya hali halisi, mkulima aliyenyamaza akisubiri swali linalofuata anaweza kuonekana amekosa jibu mbele ya tuhuma ambayo hakuwahi kuisikia.

Filamu ya White Wilderness ya mwaka 1958, iliyotunukiwa Oscar, ilionyesha lemingi, wanyama wadogo jamii ya panya wa nchi za baridi kali, wakijitupa majini kwa wingi kana kwamba wanajiua. Uchunguzi wa televisheni ya Kanada mapema miaka ya 1980 ulibaini kuwa wanyama hao walipelekwa Alberta, jimbo la Kanada, kutoka kwingine na kulazimishwa kuingia majini. Ukatili huo peke yake usingemdanganya mtu. Vipande vifupivifupi, muziki na sauti ya msimulizi ndivyo vilivyogeuza lemingi wachache kuwa msafara wa kifo, na wapo wanaousadiki mpaka leo bila kuwahi kuiona filamu yenyewe.

Sisemi kila kinachoongezwa ni udanganyifu. Lenzi huona mbali kuliko maikrofoni inavyosikia, ndiyo maana sauti nyingi za nyayo na za kutafuna hutengenezwa studioni, nami sioni ubaya. Lakini picha za mafuriko ya mwaka mwingine zikipachikwa kwenye simulizi ya mafuriko ya mwaka huu, au mlio wa chura ukiongezwa mahali ambapo vyura wametoweka, mtazamaji amepotoshwa kuhusu jambo lenyewe analofundishwa.

Linalonisumbua zaidi ni lugha. Mara nyingi mhariri hukata mahojiano ya lugha asiyoijua kwa kutegemea muhtasari tu. Mtu anasema, “Tulikubali mgodi kwa sababu tuliahidiwa maji, na maji hayakuja,” kisha linabaki “Tulikubali mgodi.” Mahojiano yote yaandikwe na kutafsiriwa neno kwa neno, yakiwa na alama za muda, kabla ya kukata chochote, na mfasiri aketi tena na mhariri kabla ya picha kufungwa, yaani mpangilio wake kuidhinishwa kuwa wa mwisho, kwa kuwa baada ya hapo badiliko dogo hulazimisha sauti, muziki na rangi kupitiwa upya. Watayarishaji watasema bajeti haitoshi. (Ya kurushia droni, hata hivyo, hupatikana.)

Vilevile, waliohojiwa waonyeshwe rasimu ya filamu, si ili waizuie, bali wasahihishe makosa na waseme wapi wanahatarishwa: mfanyakazi aliyefichwa uso bado hutambuliwa na mwajiri wake kwa sauti au kwa mwendo. Kampuni inayotuhumiwa isidai haki hiyohiyo. Yake ni kupelekewa tuhuma mapema na jibu lake kusikika bila kupindishwa.

Kwa hiyo naomba ukurasa wako wa filamu uwe unamtaja mhariri kwa jina, na mwandishi wako amuulize maswali mawili: nani alitafsiri mahojiano, na picha zipi hazikupigwa mahali na wakati unaosimuliwa.

Wako,
Msomaji na mtazamaji