Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Kilifi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Shela, Malindi. Nina miaka 24, na mbele yangu ipo barua aliyopewa mama nilipokuwa kidato cha tatu. Inasema nirudi nyumbani wiki mbili kwa "tabia isiyofaa". Tabia gani, haikutaja.

Moyo wangu huwapenda wanaume, na wanawake pia. Rafiki yangu bwenini aliniuliza, nami sikumficha. Sikuwa na uhusiano na yeyote. Kufikia Jumatatu naitwa msagaji kwenye foleni ya chakula, na wasichana wawili wamehamisha magodoro yao mbali na kitanda changu. Hayo ningeyavumilia. Nikaenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, nikiamini ya pale hubaki pale. Akaniuliza kama nimewahi kumpenda mvulana. Nikasema ndiyo. Akasema basi mimi ni mwongo tu, nichague upande mmoja. Kesho yake yakasemwa paredi, shule nzima inasikia.

Mama alikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili hadi adhana ya adhuhuri. Alipoitwa aliuliza: "Mwanangu kaiba?" La. "Kapiga mtu?" La. "Basi kosa lake liandikeni, nilisome." Hawakuliandika. Jambo hili hajalikubali mpaka leo, na bado tunalizungumza kwa shida, lakini siku ile hakuniacha.

Sheria naijua. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu tendo la ngono "kinyume cha maumbile", na Mahakama Kuu ilikiacha kisimame mwaka 2019. Mtoto kupenda moyoni hakumo. Kilichomo, katika kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ni kwamba mwanafunzi asiteswe wala kudhalilishwa, kimwili au kiakili. Mimi nilidhalilishwa paredi.

Desemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule alisema wanafunzi wapendao jinsia yao waondolewe mabweni, wasome shule za kutwa karibu na kwao. Usiku ule niliwafikiria wasichana waliolala bwenini na neno hilo.

Naomba uwaandikie walimu wakuu wote: mtoto asifukuzwe kwa kusema ukweli wa moyo wake, na barua ya kumrudisha nyumbani itaje kosa na kanuni iliyovunjwa. Mwalimu wa ushauri akitoa siri, aulizwe.

Barua yangu ninayo. Siku utakayoniita nitaileta Kilifi, na mama amesema tutapanda matatu pamoja.