Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Hema likikunjwa, jalada linabaki na nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja ya vijijini, mmoja wa wale waliotambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nakuandikia kuhusu mawakili wanaojitolea, na ombi langu ni moja: wakili mzoefu akishapokea shauri la mwananchi kwenye kambi ya muda ya msaada wa kisheria wa bure, jina lake liandikwe kwenye jalada na asiliachie mpaka shauri liishe.

Sina ugomvi na kambi. Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ianze mwaka 2023, watu ambao hawajawahi kuongea na wakili uso kwa uso wamekaa naye meza moja bila kutoa hata shilingi. Si jambo dogo. Kwetu huku aliyezoeleka ni kishoka: kijana mwenye mkoba nje ya uzio wa mahakama, anakuandikia maombi kwa pesa, yakikataliwa simu yake haipatikani.

Shida inaanza hema likishakunjwa. Nieleze kisa kimoja, na sitaitaja kambi wala walioiandaa. Mjane alifika na mgogoro wa mirathi. Mashemeji walikuwa wanalitaka shamba. Wakili aliyemhudumia alikuwa mtu mzima, makini, wa miaka mingi kazini. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwelekeza muhtasari wa kikao cha ukoo uandikweje, akamjazia Fomu Na. 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ikamteua, na vigelegele vikapigwa.

Sasa, kanuni zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, apeleke mahakamani Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu, kisha hesabu kwa Fomu Na. 6. Mama yule aliamini barua ya uteuzi ndiyo mwisho wa safari. Akaikunja, akaiweka sandukuni pamoja na cheti cha kifo. Muda ukapita, mashemeji wakarudi mahakamani na hoja iliyosimama kisheria kabisa: msimamizi hajatimiza wajibu wake, uteuzi utenguliwe. Tulipopiga namba aliyoachiwa, ilikuwa ya ofisi. Tukajibiwa kwamba wakili yuko mkoa mwingine, kwenye kambi nyingine. Mimi siruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, na mpaka huo nauheshimu. Kazi yangu ni kuelimisha, kuelekeza na kumsindikiza mtu hadi mlangoni.

Alishindwa. Akabakiwa na siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ndani ya siku hizo atafute nakala ya uamuzi, nauli, na mtu wa kuandika sababu za rufaa zinazoeleweka. Hapo ndipo uzoefu wa wakili unapohitajika hasa, kuliko siku ile ya hema na maikrofoni.

Na uhitaji umeongezeka. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakaachiwa usuluhishi tu. Usuluhishi ukishindikana, mwananchi anaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mara nyingi anamkuta mwenzake amekuja na wakili wa kulipwa. Mwaka huohuo mawakili waliruhusiwa kuingia Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Mlango uko wazi. Anayeupita ni mwenye fedha.

Wapo wanaoshauri tuwaalike mawakili wakongwe wa Marekani na Ulaya wanaojitolea. Kwa mirathi ya kijijini, hapana, hawatatusaidia. Kwa mikataba ya serikali, wana mchango, na mfano upo Liberia. Mwaka 2005 serikali ya mpito ya nchi hiyo iliipa kampuni ya Mittal Steel mkataba wa kuchimba madini ya chuma wenye masharti ya ajabu, hata reli na bandari ya Buchanan zikawa chini ya kampuni. Serikali ya Ellen Johnson Sirleaf ilipoingia madarakani ilitaka mazungumzo mapya, ikasaidiwa na mawakili wabobezi waliojitolea kupitia shirika la International Senior Lawyers Project. Mwishoni mwa 2006 mkataba ukarekebishwa, umiliki wa reli na bandari ukarudi serikalini. Kinachonivutia pale ni kwamba hawakuja kutoa semina wakaondoka. Walibaki na faili lile mpaka likafungwa. Kama nchi nzima imestahili hivyo, mjane wa kata yangu naye anastahili.

Kazi yenyewe haihitaji makubwa. Wasajili wasaidizi wa wilaya, yaani maofisa wanaosimamia watoa msaada wa kisheria wilayani, watunze daftari la mashauri yaliyofunguliwa kambini, likionyesha jina la wakili na tarehe inayofuata. Sisi wa kata tutafuatilia tarehe na kuleta nyaraka, wakili ataandika na kusimama pale panapotakiwa. Zungumza na Chama cha Mawakili Tanganyika ili saa hizo zihesabiwe katika mafunzo endelevu ya wanachama wake. Na walipwe nauli na malazi, maana anayejitolea naye ana familia. Fulana na mabango ya uzinduzi yakipungua kidogo, fedha hiyo itapatikana.

Kanuni za sheria ile ya 2017 hutungwa na waziri, hivyo hili halisubiri muswada bungeni. Naomba nijibiwe kupitia msajili msaidizi wa wilaya yetu, nami nitayasoma majibu hayo kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria, ngazi ya kata