Pesa za makinga maji haziombwi kwa chifu

Mhariri,

Msimu wa mbolea ya ruzuku ukifika, wakulima hujaa kwa chifu, na wengi huuliza papo hapo kuhusu msaada wa kuchimba makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo. Chifu hana jibu, nao hurudi nyumbani wakiamini msaada haupo. Upo, ila mlango wake ni mwingine.

Mbolea ya ruzuku ni mpango wa serikali kuu. Kuhifadhi udongo na maji mashambani ni kazi ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa serikali za kaunti. Mbolea hupitia sajili ya wakulima ya KIAMIS, na mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi Sh2,500 mwaka wa 2023. Makosa ya kwenye sajili hiyo ni madogo lakini humnyima mtu mbolea: laini ya simu ilibadilishwa na ujumbe ukaenda kwa namba ya zamani, tarakimu moja ya kitambulisho ilikosewa, au ziliandikwa ekari za ukoo mzima badala ya zile anazolima mwenyewe. Yarekebishwe kwa chifu au naibu wake mapema, si siku ya kupanda.

Kwa makinga maji, nendeni ofisi ya kilimo ya wadi, tena mwende kama kikundi. Miradi kama NAVCDP (wa kukuza minyororo ya thamani ya kilimo) na FLLoCA (wa kugharamia hatua za mashinani za tabianchi) hufanya kazi na vikundi na kamati za mashinani, haimfuati mkulima mmoja mmoja. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Cheti hutolewa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Bebeni katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kukiunda na orodha ya wanachama iliyotiwa sahihi.

Tarehe ndiyo huwaangusha wengi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Anayejitokeza Mei, makadirio ya bajeti yakiwa tayari mbele ya madiwani, hukuta mafungu yameshagawanywa. Ombi lipelekwe kabla ya Agosti kwisha.

Na liwe na vipimo. "Tusaidiwe kuhifadhi udongo" ni maneno yasiyoweza kuwekewa bei. Ekari moja ni karibu mita 64 kwa 64. Makinga maji yakiachana kama mita 16, ekari hiyo huwa na mistari minne, yaani mita 256. Mtaro wa fanya juu, yaani ule ambao udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, wenye upana wa sentimita 60 na kina cha 60 hutoa mita za ujazo 92 za udongo kwa ekari. Familia 25 zenye ekari moja moja zinahitaji mita 6,400. Andikeni hivyo, mtaje kata ndogo, mseme nguvu ya kuchimba ni yenu na mnaomba sururu, sepetu, vipando vya nyasi na afisa wa kupima.

Huyo afisa msimwache. Mtaro uliochimbwa kwa kukadiria kwa macho huinama upande mmoja, maji hukusanyika pale chini, hupasua tuta, na korongo huanzia hapo. Afisa akichelewa, fremu ya A, yaani kipimo cha usawa cha miti mitatu, kamba na jiwe, hutosha kuweka alama. Udongo hutupwa upande wa juu, mkiacha ukingo wa sentimita 20 au 30 ili usiporomoke tena ndani, kisha nyasi za nepia au makarikari hupandwa juu ya tuta mvua zikianza. Kama maji huingia kutoka barabarani au shamba la juu, mtaro wa kuyageuza huchimbwa kwanza, na yaelekezwe mahali penye nyasi, si kwa jirani. Mteremko unaozidi asilimia 35 haufai kulimwa. Huko ombeni miche ya miti.

Tunaziomba serikali za kaunti zibandike tarehe na mahali pa vikao vya umma kwenye ofisi ya kila chifu kufikia mwisho wa Julai, kwa Kiswahili. Tangazo la tovuti pekee halimfikii mtu aliye shambani.

Mkulima,
Mwala, Machakos