Seva ya ofisi ilinitoa jasho kwenye baridi hili

Mbeya, mwezi wa saba

Kamwene mshkaji wangu,

Mambo vipi huko Iringa? Huku baridi halina adabu, asubuhi vidole havitaki hata kugusa kibodi, ndo maana nimechelewa kukujibu. Uliuliza nilizipitishaje kompyuta zote za ofisi kwenye seva moja kwenda intaneti, maana na wewe bosi wako wa Ipogolo kakupa kazi hiyohiyo. Ngoja nikusimulie ili usirudie ujinga wangu.

Ile ofisi yetu ya mahesabu pale Mwanjelwa unaijua, kompyuta tisa na printa moja. Bando lilikuwa linaisha katikati ya mwezi, bosi akasema kila kitu kipite sehemu moja tuone nani anakula. Nikachukua deskitopu kuukuu, nikaiwekea Debian (aina ya Linux), nikaipachika kadi ya pili ya netiweki: enp2s0 inaangalia rauta ya intaneti, enp3s0 inaangalia swichi ya ndani.

Nikamwambia bosi seva itafanya NAT, yaani kubadilisha anwani za mashine. Akauliza, hiyo NAT ndo nini? Nikamwambia mzee, unakumbuka S.L.P. ya shule ya msingi? Kijiji kizima kinaandikiwa kwa sanduku moja, mwalimu ndo anajua hii ya bibi yule, hii ya baba fulani. Sasa seva ndo mwalimu. Mashine za ndani zina anwani ambazo huko nje hazitambuliki, zikituma kitu seva inafuta anwani yao inaweka ya kwake, inaandika kwenye daftari lake na namba ya poti (kama namba ya mlango), jibu likirudi inafungua daftari inampelekea mwenyewe. Ila mwalimu huyu ana roho mbaya kidogo, barua ambayo hakuna wa ndani aliyeianzisha haiingii kijijini. Mzee akacheka, akaelewa kuliko mimi nilivyoelewa chuoni.

Sasa jasho. Rauta ilikuwa inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1 na mimi kwa mazoea tu nikaweka ndani 192.168.1 vilevile, yaani seva ina milango miwili na pande zote wanatumia jina moja la ukoo, itajuaje mgeni wa nani? Nilikaa hapo tangu saa nane mchana mpaka giza, nabadilisha kebo, nalaumu swichi ya watu bure. Nilivyohamishia ndani 10.10.10.0/24, seva ikawa 10.10.10.1, angalau ikaeleweka. Intaneti bado! Kumbe Linux kwa kawaida haibebi mizigo ya wengine mpaka uiruhusu, net.ipv4.ip_forward ilikuwa 0, nikaweka 1, afu mstari huu:

iptables -t nat -A POSTROUTING -o enp2s0 -j MASQUERADE

Hiyo MASQUERADE ndo inafuta anwani ya ndani na kuweka ya seva, na -o ni kadi ya nje, usichanganye. Ukiona ping (kupiga hodi) ya 8.8.8.8, seva ya Google, inajibu ila kurasa hazifunguki, NAT yako iko sawa, mara nyingi hizo mashine zimekosa DNS tu, yaani ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Nikaenda kulala kama mfalme. Kesho yake umeme ukakatika, uliporudi seva ikawaka vizuri tu ila imesahau kila kitu, wahasibu tisa wananiangalia. Nilikuwa nimeandika komandi zinazoishi kwenye kumbukumbu pekee, sijahifadhi popote. Kwa hiyo ile ip_forward iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, afu weka kifurushi cha iptables-persistent kinachohifadhi mistari ya iptables na upige netfilter-persistent save. Na usiondoke ofisini kabla hujaizima na kuiwasha mwenyewe. Mimi siku hizi hiyo naifanya kwanza, chai baadaye.

Kuhusu kuangalia kamera za ofisi ukiwa nyumbani, kabla hujahangaika kufungua poti angalia anwani ambayo rauta yako imepewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 ujue mtoa huduma naye ana NAT yake juu yako, mwalimu juu ya mwalimu, hata ufungue poti mia hakuna kitakachoingia. Yangu ndo iko hivyo, nikaishia kutumia WireGuard (aina ya VPN, njia ya siri kati ya mashine), seva inapiga yenyewe kwenda kwenye mashine ya nje yenye anwani ya wazi.

Ikigoma nitumie mistari uliyoandika, kopi na pesti. Usinitumie tena picha ya skrini uliyoipiga na simu huku mkono unatetemeka.

Msalimie mama.

Wako wa Mwanjelwa