Barua kwa Bakari: Shirikisho lililokosa wenyewe

Tanga, Jumapili

Sahibu yangu Bakari,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mvua zilichelewa lakini zimefika, na goti langu limetulia kidogo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwanao.

Swali lako nimelipenda. Unasema siku ile Kenya walipowatandika West Indies kwenye kriketi pale Pune, India, 29 Februari 1996, mikimbio 166 kwa 93, mtaa mzima ulishangilia, ila mpaka leo ukitazama ramani nchi hiyo huioni. Huioni kwa sababu haipo. Iliwahi kuwepo, tena ikiwa na bunge, waziri mkuu na gavana mkuu, ikaishi miaka minne na ushei. Timu ya kriketi iliitangulia, na ikabaki baada yake.

Lilikuwa Shirikisho la West Indies, lililoundwa 3 Januari 1958 kwa makoloni kumi ya Uingereza katika Bahari ya Karibi: Jamaika, Trinidad na Tobago, Barbados, na vile vidogo kama Grenada, Dominica na Montserrat. Nia ilikuwa kuingia katika uhuru wote kwa pamoja, maana wengi waliamini kisiwa kidogo hakiwezi kujimudu peke yake.

Umeandika kwamba bila shaka Waingereza ndio waliolivunja. Hapana, kwa hili tuwatoe. Wao walilitaka sana, kwa kuwa vile visiwa vilikuwa vimegeuka mzigo kwenye hazina yao. Katika posa hii mshenga alikuwa na haraka kuliko bwana harusi.

Mimi lawama nawapa Norman Manley wa Jamaika na Eric Williams wa Trinidad. Wote wawili walilihubiri shirikisho, watu wakawasikiliza. Lakini uchaguzi wa kwanza wa bunge la shirikisho ulipofika, Machi 1958, hakuna kati yao aliyegombea. Kila mmoja alibaki kuongoza serikali ya kisiwa chake. Alexander Bustamante, mpinzani wa Manley na binamu yake pia, naye hakugombea. Uwaziri mkuu ukamwangukia Grantley Adams wa Barbados, mtu mzito kwao, lakini Kingston, mji mkuu wa Jamaika, kulikuwa na nani wa kumtii? Serikali ambayo wenye wafuasi wamekataa kuingia ndani yake, wewe mwananchi utaichukuliaje?

Na mfukoni haikuwa na kitu. Kwa miaka mitano ya mwanzo haikuruhusiwa kutoza kodi ya mapato, ikawa inaishi kwa michango ya visiwa. Mwaka huohuo wa 1958 Adams akatamka kwamba miaka mitano ikiisha kodi itatozwa, tena itahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku shirikisho lilipoundwa. Jamaika wakawaka moto. Wao walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote, lakini bungeni walikuwa na viti 17 kati ya 45, na sasa wanaambiwa watadaiwa na malimbikizo! Hata mimi ningenung'unika.

Trinidad nao, wenye mafuta, waliogopa kwamba mipaka ikifunguliwa watu wa Grenada na visiwa jirani watajaa kwao kutafuta kazi. Hata makao makuu yalikuwa kichekesho. Palichaguliwa Chaguaramas, karibu na Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, kumbe pana kambi ya jeshi la majini la Marekani, iliyokodishwa na Uingereza wakati wa vita kwa miaka 99. Aprili 1960 Williams aliongoza maandamano kwenye mvua kuidai ardhi ile. Wabunge wakaendelea kukaa Port of Spain kama wapangaji.

Mwaka huo wa 1960 Bustamante akageuka na kulipinga shirikisho hadharani. Manley akajibu kwa kuitisha kura ya maoni kisiwani kwake. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Aliona ndiyo haki, na hapo namheshimu. Kura ikapigwa 19 Septemba 1961, asilimia 54 wakakataa. Williams akasema moja ikitoka katika kumi inabaki sifuri, naye akaitoa Trinidad. Siku iliyokuwa imepangwa kuwa ya uhuru wa shirikisho, 31 Mei 1962, ndiyo siku lilipovunjwa. Agosti ya mwaka huo Jamaika na Trinidad wakapandisha bendera zao, kila mtu kwake. Barbados wakafuata 1966, wengine wakajikokota mpaka miaka ya 1980. Montserrat mpaka leo ni ya Uingereza.

Sasa tazama na sisi. Juni 1963, mwaka mmoja tu baadaye, Kenyatta, Obote na Nyerere walitangaza Nairobi kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika zitakuwa shirikisho kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha. Nyerere, kumbuka, alikuwa amesema tangu 1960 kwamba yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuungane. Ndiyo maana siwahurumii sana Manley na Williams. Wao hata kiti cha ubunge hawakutaka kukihatarisha.

Kilichobaki huko si haba. Chuo kikuu chao bado ni kimoja kwa visiwa vingi, na mwaka 1973 walitia saini mkataba wa jumuiya yao mpya, CARICOM. Walitia saini wapi? Chaguaramas.

Najua utasema namwonea Manley. Andika hoja zako, na uzitume kabla ya Idi, maana baada ya hapo nakuja Mombasa na sitaki kuanza ubishi upya mbele ya shemeji. Msalimie sana, na watoto wote.

Ni mimi sahibu yako,
Mwalimu Saidi