Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazisikia kwa mhazini, na yeye si mtu wa maneno mengi. Mimi nitasema yale yasiyoingia kwenye daftari lake.

Kwa waliojiunga karibuni: humu tumo waongoza watalii, manahodha wa Msasani na Kunduchi, wenye nyumba ndogo za wageni, wachongaji wa Mwenge, mamalishe na madereva wa bajaji. Tunachopigania ni kimoja tu. Mgeni anayeshuka Dar es Salaam asilale usiku mmoja kisha akimbilie Zanzibar au Arusha. Alale na wa pili. Mwaka huu uliopita nchi imepokea watalii wa nje zaidi ya milioni 2, na wengi wa waliopita kwetu mji huu wameuonea kwenye kioo cha teksi ya kwenda kupanda boti. Hiyo ndiyo kazi yetu, na taarifa yangu yote inahusu bei yake: tuko tayari kuuza nini na nini hatuuzi, hata mteja akija na noti mkononi.

Mwaka ulivyokwenda

Masika yalitubana, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaingia pwani. Boti za Zanzibar zilisimama, za kwetu zikavutwa juu, na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Safari zetu za Kilwa za mwezi ule zilikufa zote. Waliokwisha kulipa kianzio walirudishiwa fedha zao, na nawashukuru waliofanya hivyo bila kusukumwa, maana kuna jirani zetu kwenye biashara hii ambao mpaka leo hawapokei simu.

Halafu likaja la heri. Tarehe 14 Juni treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kufikia Agosti ilikuwa inafika Dodoma. Wengi tulihofu kwamba itawapitisha wageni juu kwa juu mpaka Mikumi, sisi tubaki tunapunga mikono. Hilo lipo, sikatai. Lakini treni hiyohiyo imetuletea watu wa Morogoro na Dodoma wanaokuja mwisho wa wiki kuiona bahari: familia, kwaya, wanafunzi. Hawalipi kwa dola, ila hawasubiri msimu. Naomba jambo moja hapa. Mgeni wa Dodoma ni mgeni. Asipandishiwe nauli ya bajaji kwa sababu kabeba begi na anauliza njia.

Tarehe 16 Novemba ghorofa liliporomoka Kariakoo na ndugu zetu wakapoteza maisha. Tulisimamisha matembezi ya Kariakoo siku ileile. Katika wiki ile wapo wageni walioomba kupelekwa "kuangalia tu", na waongozaji wetu waliwakatalia kwa adabu. Fedha ile tuliyoikosa simdai mtu.

Visiwani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipogombana zaidi.

Visiwa vidogo vya mbele ya mji wetu, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Kwa muda mrefu utengefu huo ulikuwa wa kwenye karatasi, wavuvi wa baruti wakilipua miamba mchana kweupe. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuja mwaka 1994, ikaleta kitengo cha kuvisimamia, na baadaye visiwa vya upande wa kusini, vikiwamo Sinda na Makatube, vikaingizwa. Leo ndani ya maeneo hayo hairuhusiwi kuvua. Samaki wa kukaanga mnayemsifia Mbudya ametoka na mama wa Kunduchi asubuhi, ndani ya ndoo, na barafu yake.

Baruti imepungua sana. Sasa wanaoumiza miamba ni sisi. Sikukuu ya Idi mchana nilikwenda Mbudya na nahodha wetu mmoja, tukasimama upande wa bara wa kisiwa. Boti zilijaa mpaka hakuna pa kupenya. Maboya ya kufungia kamba yalikuwa yamekwisha kukaliwa, kwa hiyo kila aliyefika baadaye alitupa nanga popote. Nilivaa miwani nikachungulia. Nanga moja ilikuwa imeng'ata tumbawe la mviringo, lile la aina ya duara, na kila wimbi lilipoinua boti mnyororo uliburuzika juu yake ukiacha mstari mweupe. Tumbawe la namna ile hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lile lilikuwa na umri wa kuwa nyanya yetu sote tuliokuwa kwenye boti zile.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa mchezo. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima kwa sababu ya joto la bahari, na wapiga mbizi wetu waliyaona meupe hapahapa. Tumbawe lililopauka halijafa bado. Maji yakipoa na likiachwa litulie, linaweza kurudi. Likikanyagwa na kuburuzwa wakati huo ndipo linapokwisha.

Kwa hiyo kamati ilipitisha kwamba boti ya mwanachama haitupi nanga juu ya mwamba. Boya likikosekana, nahodha anashusha abiria mchangani, anarudi kungojea kwenye kina cha mchanga, na mafuta ya ziada anayahesabu kwenye nauli. Manahodha kadhaa waliniambia kwamba mimi mtu wa nchi kavu nawafundisha bahari. Nimewasikia. Lakini waliolalamika ndio haohao waliowaambia wageni wao kwamba upande fulani wa Mbudya "siku hizi hauna samaki wa kuonyesha". Sababu wanaijua.

Tumekubaliana pia kutopeleka vikundi vya kulala Mbudya kwa ajili ya kumtafuta kaa wa nazi na tochi ili abebwe apigwe picha. Anayetaka kumwona amwone anavyopanda mti, akiwa mbali naye.

Kunduchi na mji wa kale

Magofu ya Kunduchi yapo karibu na hoteli kubwa za ufukweni, na wageni wengi wa hoteli hizo huondoka bila kujua kwamba yapo. Kuna mabaki ya msikiti wa karne nyingi zilizopita na makaburi ya karne ya 18, mengine yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo hizo utaona vishimo vya mviringo: humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Nyingi hazipo. Mwongozaji wetu ana desturi ya kumwambia mgeni aingize kiganja chake kwenye kishimo kimoja, aone kilivyochongwa kwa kipimo cha bakuli, ndipo aanze kueleza biashara ya Bahari ya Hindi. Nimeona wageni waliokuwa wanapiga miayo wakaanza kuuliza maswali hapo. Naomba tu viganja viwe vikavu na viwe vichache. Chokaa ile ni ya zamani.

Mwaka huu tulifyeka majani kwa kibali na kwa maelekezo ya wahusika wa mambo ya kale. Palipoota mzizi ndani ya ukuta hatukung'oa, maana ukiung'oa mzizi unang'oa na jiwe. Vijana walitaka kupaka chokaa nyeupe "papendeze". Nilikataa, na nitakataa tena.

Sasa mjini. Wengi hamjui kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linategemea waziri alitangaze. Fikirini mji wetu ulivyo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa, palipoitwa Mzizima, miaka ya 1860, na Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine ni la 1866 hadi 1867. Kunduchi inaingia kwenye sheria bila hodi. Dar es Salaam karibu yote imechelewa. Ndiyo maana nyumba za ghorofa mbili za Kisutu na Mtaa wa Indira Gandhi, zenye roshani na mwaka wa kujengwa juu ya paji la uso, zinaweza kubomolewa kati ya safari yako moja ya matembezi na nyingine. Mwongozaji anafika na wageni, anakuta mabati ya ujenzi.

Milango imebahatika zaidi: mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 umetajwa kwenye sheria hiyohiyo, huwezi kuutoa nchini bila kibali. Nasema hivi kwa sababu dalali mmoja alizunguka kwa wanachama akiahidi kamisheni kwa kila mlango wa zamani utakaoonyeshwa. Walioniletea habari nawashukuru. Aliyekwisha kumwonyesha, anajijua.

Sisi hatuna uwezo wa kununua majengo. Tunachoweza ni kumfanya mwenye jengo aone watu wanalisimamia na kulitazama. Matembezi ya mjini yanaanzia Boma la Kale, yanapita kanisa la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yanafika Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na kuishia Makumbusho ya Taifa. Wanaotaka kuendelea huchukua bajaji mpaka Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wakalitazama soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Mimi ningependa tuyauze matembezi haya kabla ya visiwa. Hayahitaji mafuta, hayavunji tumbawe, na chai ya mama wa Kisutu inalipwa taslimu.

Mdundiko si wa kukodi

Wanachama wawili walileta pendekezo la mdundiko, ngoma ya Wazaramo ya kumtoa mwali, kila Ijumaa jioni kwa ajili ya wageni, na msichana wa kuvikwa khanga na kubebwa mabegani kama mwali. Fedha ilikuwa nzuri. Kamati ilikwenda Buguruni kuwauliza wazee wa Kizaramo, wakatusikiliza mpaka mwisho. Kisha bibi mmoja akauliza, "Na mama yake huyo mwali atakuwa nani?" Tukarudi.

Ngoma za burudani zipo, na Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo wanazipiga vizuri tangu enzi hizo. Mgeni apelekwe huko. Mdundiko wa kweli ukipita mtaani na mgeni yupo, na asimame kando atazame na sisi wengine. Akitaka kutunza, atunze.

Pugu

Kwa kifupi: msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kama hifadhi ya mazingira asilia, treni ina kituo Pugu, na mapango ya popo yanavuta watu jioni. Mkaa bado unatoka kule, gunia kwa gunia. Tumeanza kuwatumia waongozaji wa vijiji vya jirani badala ya kupeleka wa mjini, na malipo yao yawafikie siku ileile, si "nitakutumia kesho".

Ya kuamua mkutanoni

Nitawaomba mpige kura kwa mambo mawili. Kwanza, katazo la nanga liingie kwenye kanuni zetu, pamoja na adhabu: kosa la kwanza barua, la pili boti inaondolewa kwenye orodha tunayowapa wageni kwa msimu mzima. Pili, sehemu ya kila tiketi ya matembezi itengwe kwa ajili ya usafi wa Kunduchi na kwa maboya ya ziada, kwa kiwango ambacho mhazini atakieleza. Wanaopinga waje na hesabu zao, tutasikilizana.

Waongozaji ambao leseni zenu zimekwisha, zihuishwe kabla ya Juni. Chama hakitamtetea mtu aliyekamatwa bila leseni. Fomu za kugombea uongozi ziko kwa katibu, na safari hii tunataka angalau nahodha mmoja na mamalishe mmoja kwenye kamati. Chakula cha siku ya mkutano kimeagizwa kwa wanachama wenyewe, pilau na samaki. Ada zilipwe mlangoni kabla ya kuketi.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam